Neno Linalohamisha Kikombe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, matofali kumi na sita yalikuwa yameshapangwa juu ya mbao, na hakuna mtu aliyetoka kuyahesabu.

Mfyatua matofali alisimama na kalibu, kiunzi cha kufyatulia, mkononi, akatazama mlango wa nyumba yake. Kwa kawaida saa hiyo binti yake hutoka na mswaki mdomoni, akapita kati ya safu za matofali mabichi akihesabu kwa kidole. Ana miaka minane, yuko darasa la pili. Tangu akiwa na miaka mitano ndiye anayehesabu matofali ya asubuhi, na baba yake hajawahi kumkuta na kosa. Kwa sababu hiyo nyumba nzima humwita Karani.

Asubuhi hiyo Karani alikuwa bado kitandani. Alisema tumbo linamuuma. Mama yake alimgusa paji la uso, akakuta hana joto. Akambonyeza tumbo, akakuta ni laini. Akamwuliza linauma upande gani. Karani akaonyesha kulia, akafikiri kidogo, akaonyesha kushoto.

"Tumbo lako lina miguu," mama yake alisema. "Linatembea."

Mama huyo ni dobi katika nyumba ya wageni. Dobi hafui nguo kabla ya kupekua mifuko. Aliichukua sketi ya shule iliyokuwa imetundikwa msumarini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kibiriti. Akaikunjua mezani, akamwita mumewe.

Ilikuwa karatasi ya jaribio la Kiingereza. Ilikuwa na sentensi kumi na tano. Mtoto alitakiwa kupiga mstari chini ya kihusishi katika kila sentensi, yaani neno dogo kama on, in au under, linaloonyesha kitu kiko wapi. Alama za vema zilikuwa nne. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwamba jaribio lingerudiwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mtoto atakayepata chini ya nane atakaa na darasa la kwanza katika vipindi vyote vya Kiingereza hadi mwisho wa muhula.

Baba alisoma maneno hayo mara mbili. Yeye alimaliza shule ya msingi na anasoma vizuri. Hata hivyo, alichokisoma hakikumwingia akilini. Kwa wiki mbili, kila jioni, yeye mwenyewe alikuwa akimfundisha Karani somo hilo hilo. Alinunua daftari. Alinunua kalamu nyekundu. Aliandika sentensi thelathini kwa mkono wake, na Karani alikuwa amezipata zote thelathini, tena si jioni moja, jioni tano mfululizo. Baba alikuwa ameshajigamba kwa wateja wawili na kwa muuza mchanga.

"Mtu hapati thelathini nyumbani akaenda kupata nne shuleni," alisema. "Huyo mwalimu alisahihisha amesinzia."

"Au aliyesinzia yuko humu ndani," mkewe akajibu. "Usiende shuleni na hasira, Baba Karani. Utarudi na aibu, na mimi sina sabuni ya kufulia aibu."

Karani alisikia yote. Kutoka kitandani alisema kwamba yeye darasa la kwanza hakai. Huko kuna mtoto wa shangazi yake, yule aliyeng'oka meno mawili ya mbele, anayecheka kila kitu. Kama ni kwenda kukaa naye, yeye ataumwa mpaka muhula uishe. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga mambo yake.

Sauti hiyo ilimkata baba maini kuliko zile alama nne. Alinawa mikono, akampeleka shuleni mwenyewe.

Saa kumi alasiri alikuja Bi Chaki. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Kazi yake ni kufundisha darasa la awali katika shule nyingine, na kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu vidole vyake vina unga wa chaki hata siku ya mapumziko. Alikuwa anajenga jiko nyuma ya nyumba yake, na alikuja kuangalia kama matofali yake yamekauka.

Hakuwahi kuyaangalia. Kabla salamu hazijaisha, mfyatua matofali alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na ile karatasi. Alimweleza mambo yote: wiki mbili, daftari, kalamu nyekundu, thelathini kwa thelathini. Alitaka Bi Chaki, kama mtu wa kazi hiyo, amwambie kama mwalimu anaweza kukosea namna hiyo.

Bi Chaki aliomba na lile daftari la nyumbani. Akageuza ndoo, akaikalia, akasoma vyote viwili taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kisha akamwita Karani, akamwonyesha sentensi ya kwanza ya jaribio.

"Mwanangu, hapa umepiga mstari chini ya neno hili. Ulijuaje kwamba ndilo?"

Karani alimtazama baba yake.

"Sema tu," baba akamwambia.

"Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Maneno. Moja, mbili, tatu, nne. La nne ndilo."

Bi Chaki alimgeuzia baba daftari lake mwenyewe, akamwomba ahesabu naye. The cup is on the table. The pen is in the bag. The goat is under the tree. Baba alishuka na kidole mstari kwa mstari. Katika sentensi zote thelathini, neno linalotakiwa lilikuwa la nne. Hakuna hata moja iliyotoka nje ya safu.

Kisha wakaitazama karatasi ya shule. A small cat is behind the door. Karani alipiga mstari chini ya is. The old man sat under a tree. Alipiga mstari chini ya sat. The ball rolled between his legs. Hapo neno la nne lilikuwa between, na mwalimu aliweka vema. Katika sentensi zote kumi na tano Karani alichagua neno la nne. Mara nne likawa ndilo.

"Mwalimu wake hakukosea," Bi Chaki alisema. "Na huyu mtoto si mzito wa kichwa. Ameona kitu ambacho wewe hukukiona. Sentensi zako zote zimetoka kwenye kalibu moja. Yeye akajifunza kalibu."

Mfyatua matofali alilitazama tena daftari lake. Kazi yake inataka kila tofali lifanane na mwenzake. Linalotofautiana hurudishwa kwenye udongo. Alikuwa ameandika sentensi kwa mkono ule ule unaofyatua, na alikuwa amejivunia jinsi zilivyonyooka kwenye ukurasa.

"Kwa hiyo nimemharibia mtoto," alisema.

"Hujaharibu. Umekaa naye kila jioni kwa wiki mbili. Mimi nina wazazi arobaini na watatu, na wanaofanya hivyo nawahesabu kwa mkono mmoja. Sentensi zenyewe anazisoma bila kukwama. Hapo ndipo tutakapoanzia. Niletee meza ndogo na kikombe."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alileta kikombe cha bati bila kuuliza.

Bi Chaki alikiweka kikombe juu ya meza, akamwuliza Karani kwa Kiswahili kiko wapi. Karani akasema kiko mezani. Bi Chaki akatumbukiza kokoto ndani ya kikombe, akauliza kokoto iko wapi. Karani akasema iko kikombeni.

"Mmeona shida inapoanzia?" Bi Chaki aliwageukia wazazi. "Kwetu tunabandika 'ni' mwishoni, kazi imekwisha. Mezani, kikombeni, mfukoni, kitandani. Mkia ni ule ule. Kiingereza hakitosheki na hapo. Kinataka kujua kitu kimekaa juu, au kimeingia ndani. Ni on, au ni in? Ndiyo maana kumkaririsha mtoto orodha ya maneno na tafsiri zake hakumfikishi mbali. Kwanza aone kwa macho."

Akarudi kwa Karani. Alisema polepole, mkono juu ya kikombe: The cup is on the table. Karani akarudia. Kisha Bi Chaki akakishusha kikombe chini ya meza, akamwambia aseme sasa.

Vidole vya Karani vilianza kuhesabu ubavuni mwa sketi. Bi Chaki aliviona, akavishika kwa upole.

"Vidole vipumzike. Yape macho kazi."

Karani alichungulia chini ya meza. "The cup is under the table."

"Neno gani limebadilika?"

"Under."

"Basi hilo ndilo lililokihamisha kikombe."

Mama aliyekuwa amesimama mlangoni alivuta stuli akakaa.

Bi Chaki alichana kipande cha mfuko mtupu wa saruji. Upande wa ndani, ulio safi, aliandika kwa herufi kubwa: My father's old cup is on the table. Akamwambia Karani atafute neno la mahali. Kidole cha Karani kilikwenda moja kwa moja kwenye neno la nne, cup.

Bi Chaki hakumwambia amekosea. Alimwambia afute cup kichwani, aweke plate, halafu aseme kama pale mezani kuna nafasi iliyobadilika. Karani alifikiri. Akasema hapana, sahani imekaa pale pale kilipokuwa kikombe. Bi Chaki akamwambia abadilishe old, aweke new. Karani akasema kikombe kimekuwa kipya lakini hakijaondoka.

"Sasa badilisha on. Weka under."

Karani aliinuka, akachukua kikombe, akakiweka chini ya meza. Akakitazama pale chini. Akaitazama karatasi.

"Ndilo hili," alisema, na kidole chake kilikuwa kwenye on.

Baba alikohoa. Yeye ni mtu wa vipimo, na kitu kisichokaa sawa humsumbua mpaka akiseme. Aliuliza itakuwaje akibadilisha table akaweka chair. Si kikombe kitahama pia?

Bi Chaki alimtazama kwa furaha ya wazi. Alisema hilo ni swali ambalo walimu wengi hawaulizi. Akamwambia aguse meza. Baba akagusa. Akamwambia aguse kikombe. Baba akainama akagusa.

"Haya, gusa on."

Mkono wa mfyatua matofali ulibaki hewani, hauna pa kwenda. Karani alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi.

"Huwezi," Bi Chaki akasema. "Meza ni kitu, ina jina. Kikombe ni kitu, kina jina. On si kitu. Ni neno linalosema kikombe na meza vimekaaje. Mtoto akikwama ajiulize mawili. Neno hili naweza kuligusa? Kama naweza, silo. Nikilibadilisha, kitu kinakaa vingine na mwenzake? Kama ndiyo, ndilo."

Aliondoka kabla jua halijazama. Kabla ya kuondoka alimpa baba maagizo machache, na baba aliyaandika nyuma ya daftari. Wafanye maneno matatu kwa siku, si kumi. Watumie vitu vilivyopo, na Karani avishike mwenyewe. Sentensi zisifanane: nyingine ziwe fupi, nyingine ndefu, nyingine zianze na neno lenyewe la mahali. Wafanye dakika kumi tu, na waache wakati mtoto bado anataka kuendelea. Na Karani akikosea, wasimwambie amekosea. Wamwambie afanye kwa mikono kile alichokisema. Kosa litajionyesha.

Baba alitaka kumwongezea matofali ishirini ya bure. Bi Chaki alikataa. Alisema jiko lake limepimwa, na matofali ishirini ya ziada yatamzibia mlango.

"Basi asante," baba alisema. Neno lilimtoka dogo kuliko alivyotaka.

Jumatano ilikuwa zamu ya mama. Yeye Kiingereza hakijui sana, na alisema wazi kwamba hapo mwalimu atakuwa Karani. Waliketi na kapu la nguo na shuka moja. Karani alimfundisha mama kusema kwamba shuka iko ndani ya kapu. Mama alijaribu, akasema: The basket is in the sheet.

Karani alimwamuru afanye alichokisema. Mama alilazimika kulikunjia kapu ndani ya shuka, akalifunga fundo, akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga. Baba alisikia vicheko mpaka uani.

"Umeona nilichosema?" Karani alimwuliza mama yake, kwa ukali wa mwalimu.

"Nimeona, bibie. Naomba nirudie."

Alhamisi walihamia uani. Bi Chaki alikuwa amesema mwili wa mtoto nao ni kitu, unaweza kuwa mahali. Karani alisimama katikati ya marundo mawili ya matofali: I am between the bricks. Alijificha nyuma ya pipa la maji: I am behind the drum. Aliruka juu ya ubao, akakimbia hadi kwenye toroli, na kwa kila tendo alisema sentensi. Hapo baba aligundua jambo jingine. Maneno haya hayaonyeshi tu mahali kitu kilipokaa. Yanaonyesha pia kinakokwenda. She ran to the wheelbarrow. Alikimbia kuelekea wapi? Neno dogo to ndilo linalobeba habari hiyo. Aliliandika kwenye daftari peke yake, akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi jioni alikuwa amechoka. Alifungua daftari, akaandika sentensi kumi haraka haraka. Alipozisoma, zote zilianza na The, na neno la mahali lilikuwa la nne katika nane kati ya hizo. Mkono ulikuwa umerudi kwenye kalibu bila yeye kujua. Akapiga mstari juu ya ukurasa mzima, akaanza upya. Under the bed there is a shoe. She jumped over the plank. Is my spoon in your hand? Sentensi kumi zilimchukua dakika arobaini. Alimwambia mkewe ni afadhali afyatue matofali mia. Mkewe akamjibu kwamba hilo angemshauri tangu mwanzo, ila angempoteza mume mwalimu.

Jumapili Karani alikosea mara moja. Tofali lilikuwa ndani ya ndoo, naye akasema: The brick is on the bucket. Neno "hapana" lilifika kwenye ulimi wa baba. Akalimeza. Akasema, "Nionyeshe."

Karani alilitoa tofali kwenye ndoo. Akaligeuza, akalilaza juu ya mdomo wa ndoo. Likakaa. Alilitazama kwa muda.

"Hii ndiyo on," alisema. "Mimi nilitaka in."

Akalirudisha ndani. Baba hakuwa amesema zaidi ya neno moja.

Jumanne, baada ya kupeleka mzigo wa asubuhi, mfyatua matofali alipita shuleni. Mwalimu wa darasa alimwona mlangoni akadhani amekuja kulalamika, akaanza kueleza kwamba ana watoto sabini na mmoja na hawezi kumkalia kila mmoja. Baba alimngoja amalize. Kisha akamwambia amekuja kumshukuru kwa yale maneno aliyoandika chini ya karatasi. Bila hayo, alisema, angeendelea kumfundisha binti yake kuhesabu akidhani anamfundisha kusoma. Alimsimulia habari ya neno la nne.

Mwalimu akaitafuta karatasi ya mtoto mwingine kwenye rundo lake, akahesabu maneno yake kwa ncha ya kalamu, kisha nyingine. Akasema kwamba zile karatasi za nyumbani anazowapa watoto, naye ataziangalia upya. Akasema pia kwamba kwa miaka sita ya kuandika ujumbe kwa wazazi, huyu ni wa kwanza kuja kusema asante. Wakapeana mikono. Habari ya kusinzia baba hakuitaja.

Ijumaa ilifika. Karani aliamka mwenyewe, akapiga mswaki, akahesabu matofali ya asubuhi. Yalikuwa kumi na nane. Mama alimwuliza tumbo likoje. Karani akasema lipo, ila limekaa mahali pamoja.

Saa tatu hadi saa sita baba alifanya kazi vibaya. Alizidisha maji kwenye mchanganyiko, matofali manne yakabomoka alipoinua kalibu. Alijua kwamba saa hiyo mtoto wake yuko na karatasi mbele yake, na kwamba hakuna kikombe wala ndoo katika chumba kile, kuna macho yake tu. Alifikiria habari ya kukaa na darasa la kwanza. Alifikiria ile sauti ya kitandani. Saa sita na nusu aliacha kufyatua, akakaa juu ya ukingo wa toroli.

Saa saba na dakika ishirini Karani alitokea kwenye kona. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea hatua kwa hatua, na karatasi ameishika kwa mikono miwili, haijakunjwa popote.

Kumi na tatu kati ya kumi na tano.

Baba aliihesabu mistari yote. Safari hii haikuwa na mpangilio wowote. Mahali pengine neno la pili, mahali pengine la sita, mahali pengine la kwanza kabisa. Kila mstari ulikuwa umefuata sentensi yake. Alizitazama zile mbili zilizokosewa. The shop opens at eight. We rest on Sunday.

"Hizo ni za saa na siku," Karani alisema. "Hizo hatukufanya."

Hakuwa anajitetea. Ilikuwa kweli, hawakuzifanya. Baba aliweka mkono kichwani pake, mkono wote wa saruji, na Karani hakuuondoa. Alimwambia asante. Karani akauliza asante ya nini, kwani aliyefanya jaribio ni yeye. Baba akasema ndiyo maana. Mama aliporudi aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Usiku wa siku hiyo hakukuwa na somo. Walikula, wakalala mapema.

Jumamosi saa nne asubuhi wote watatu walikwenda kwa Bi Chaki. Jiko lilikuwa limekwisha kujengwa na kupakwa lipu. Bi Chaki alikuwa ndani, kafunga kitambaa kichwani, anapima ubao wa rafu kwa futi kamba. Aliisoma karatasi ya Karani pale pale aliposimama, sentensi zote kumi na tano, bila kuruka. Kwa zile mbili alisema at na on za wakati zinafundishwa vile vile kwa vitu: saa ya ukutani na kalenda. Zisubiri wiki ijayo.

Mfyatua matofali alikuwa ameandaa maneno njiani. Yalipofika wakati wa kuyasema, mengi yalipotea. Alisema kwamba alikuwa na hasira, akarudishiwa mtoto. Alisema kwamba alikuwa anamsahihisha Karani kwa kalamu nyekundu, na Bi Chaki akamsahihisha yeye bila kalamu, tena bila kumwaibisha mbele ya binti yake. Kwa hilo anashukuru, na Mama Karani anashukuru. Mama aliitikia kwa kichwa na kuongeza kwamba mashuka yote ya nyumba hii, yakichafuka, yaletwe kwake, na asisikie neno la kukataliwa.

Bi Chaki alisema amepokea. Akageukia kazi. Alitaka kutia alama kwenye ubao lakini hakuiona penseli yake. Alitazama kwenye dirisha. Akainua futi kamba. Akainama akatazama chini ya ubao, akapapasa mfukoni. Baba naye akaanza kutafuta kwenye vumbi la lipu. Mama akatikisa kitambaa cha meza.

Karani alikuwa amesimama katikati ya jiko, mikono nyuma, anamtazama Bi Chaki. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

"Teacher," alisema, "the pencil is behind your ear."

Watu wazima watatu walisimama wima. Bi Chaki alipeleka mkono sikioni, akaichomoa penseli, akatia alama kwenye ubao.